MP3 haijafa: hataza za programu na sauti tunazozihifadhi
(Mada iliyotolewa katika semina ya elimu kwa watumiaji)



Mwaka 2017 zilienea habari duniani kwamba MP3 imekufa. Mwenye mamia ya nyimbo, mawaidha au sauti za harusi alizozihifadhi kwa muundo huo ana haki ya kuuliza iwapo mali yake imepotea. Haikupotea. Kilichofikia ukomo ni ada.

Naomba kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno. Hakimiliki humlinda mtunzi wa wimbo. Hataza humlinda mvumbuzi wa njia ya kufanya jambo, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na hutolewa nchi kwa nchi. Hivyo faili moja laweza kubeba haki za watu wasiojuana kabisa: mwimbaji, na mhandisi aliyebuni namna ya kuubana wimbo ule ukaenea katika simu.

Dakika moja ya sauti ya CD huchukua takriban megabaiti 10. Ikibanwa kwa MP3 kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, hubaki takriban megabaiti 1. Hufanyika hivyo kwa kutupa sauti ambazo sikio halizitambui, hasa zile zinazomezwa na sauti kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, mjini Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg. Kwamba walistahili malipo, sibishi.

Ugumu ulikuwa katika namna ya kulipwa. Mtengenezaji wa kifaa kinachocheza MP3 alitozwa senti 75 za Marekani kwa kila kifaa. Mnunuzi hakuiona ada hiyo kwenye risiti, lakini ni nani mwingine angeibeba? Mwaka 1998 Fraunhofer iliwaandikia pia waandishi wa programu zilizogawiwa bure, ikiwadai mrabaha. Kitu kisichouzwa hakina mapato ya kukatia mrabaha. Ndipo Mmarekani Chris Montgomery na wenzake walipojitosa kubuni muundo mwingine, Ogg Vorbis, ambao toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2002. Yeyote aweza kuutumia bila kulipia leseni.

Wala aliyelipa hakuwa salama. Microsoft ilikuwa imekwisha kupata leseni ya Fraunhofer, lakini mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama mjini San Diego liliiamuru iilipe kampuni ya Alcatel-Lucent zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa hataza nyingine zilizodaiwa kugusa MP3. Jaji aliutengua uamuzi huo mwaka huohuo. Kampuni kubwa humudu mawakili wa kesi kama hiyo. Mwandishi wa programu aliye peke yake hukata tamaa mapema, na mtumiaji hukosa programu ambayo ingemfaa.

Mwezi Aprili 2017 mpango wa leseni za MP3 ulifungwa, kwa kuwa hataza zake zilikuwa zimekwisha muda. Kwa hiyo MP3 sasa iko huru. Muundo wa AAC, unaotumika sana katika simu, bado una leseni zinazolipiwa na watengenezaji. Anayesambaza faili hadaiwi. Opus, muundo huria uliosanifiwa mwaka 2012, huenda mnautumia kila siku bila kujua: ujumbe wa sauti wa WhatsApp hufungwa ndani yake.

Je, tubadilishe faili zetu za zamani? Hapana. Ukiitoa sauti kutoka MP3 na kuibana upya kwa Vorbis, unatupa mara ya pili, na kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi. Ziacheni zilivyo. Lakini kwa kanda za kaseti ambazo bado hazijahamishwa, yaani ile sauti ya babu au ya kikundi cha taarabu cha mtaani, nakala ya kwanza iwe FLAC. Ni muundo huria usiotupa chochote. Faili lake huwa kubwa kuliko MP3, ila hifadhi siku hizi si ghali kama zamani. Kutokana na nakala hiyo mwaweza kutengeneza MP3 za kugawia jamaa wakati wowote. Mkimpelekea fundi kazi hiyo, mwambieni kabla ya kuanza kwamba mnataka FLAC pamoja na MP3, kisha zifungueni zote mbili mbele yake kabla ya kulipa.