Mwanachama Anayebeti: Dalili za Uraibu na Wajibu wa Kikundi



Mada hii inahusu kubeti kwa simu, na nimefurahi kwamba inatolewa mbele ya watunza fedha wa vikundi vya kuweka na kukopa badala ya mbele ya vijana wanaobeti. Mtu anayezama katika mchezo huu haanzi kuonekana hospitali wala polisi. Huanza kuonekana kwenye daftari la marejesho. Aliyekuwa akinunua hisa tano kila wiki ananunua mbili, wiki inayofuata anatuma moja kwa mkono wa jirani, kisha anaomba mkopo wa dharura kabla hajamaliza ule wa kwanza, na kila safari sababu ni mgonjwa au msiba. Mara nyingi mhazini huyaona haya kabla mke au mume hajajua lolote. Kwa hiyo kikundi kina nafasi ya kumwokoa mtu mapema. Tatizo ni kwamba msaada ambao vikundi vyetu hukimbilia, yaani kuchanga na kumlipia deni, ndio mara nyingi unaompa nguvu ya kurudi kucheza.

Kwanza tukubaliane kwamba si kila anayebeti anaumwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 inaruhusu mchezo kwa kampuni yenye leseni na kwa mchezaji aliyetimiza miaka 18. Wenzetu wa Uganda, kwa sheria yao ya 2016, waliweka umri wa miaka 25. Kenya mwaka 2025 ilipitisha sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966, na Aprili ya mwaka huohuo ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Msimamo wa dini zetu mnaufahamu, na anayeufuata ana kinga iliyo bora kuliko yote nitakayosema. Lakini wapo wengi wanaoweka buku moja Jumamosi, mkeka wao wa ubashiri ukichanika wanawatania wenzao kijiweni na maisha yanaendelea. Hao sio ninaowazungumzia.

Mchezo wenyewe umebadilika

Zamani tiketi ya bahati nasibu ilikuwa ya wiki nzima. Ukipoteza, unakuwa na siku kadhaa za kutulia kabla ya kujaribu tena. Mkeka wa mpira nao, kwa kawaida, unasubiri dakika 90. Kindege hakisubiri. Kwa ambao hamjakiona, kindege, yaani Aviator, ni mchezo wa simu ambamo ndege ndogo inapaa huku kizidisho cha dau kikipanda, na mchezaji anatakiwa atoe hela yake kabla ndege haijatoweka. Mzunguko mmoja unaweza kuisha ndani ya sekunde chache na mwingine unaanza papo hapo. Hela inatoka kwenye simu ileile inayopokea mshahara, hesabu ya bodaboda na ada ya mtoto. Hakuna safari ya kwenda dukani, hakuna muuzaji wa kukuangalia usoni, hakuna saa ya kufunga. Kasi hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko ukubwa wa dau.

Nawaomba tupige hesabu kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wakibadilika wakiiona kwenye karatasi. Kindege hutangazwa kuwa hurudisha asilimia 97 ya madau. Inasikika vizuri. Lakini asilimia tatu zinakatwa kila mzunguko, wala si mara moja kwa siku. Ukiwa na shilingi 10,000 ukaizungusha yote, ukarudia na kilichobaki, kwa wastani baada ya mizunguko 23 hazifiki hata 5,000. Mikeka mirefu ni mibaya zaidi. Chukua timu kumi ambazo kila moja ina nafasi ya kushinda mara saba katika kumi, yaani timu ambazo kila mtu kijiweni anaziita za uhakika. Nafasi ya zote kumi kushinda ni chini ya mara tatu katika mia. Na kama kampuni imejiwekea faida ya asilimia tano katika kila mechi, faida hiyo inazidishwa mechi kwa mechi, hata katika mkeka wa mechi kumi thamani halisi ya shilingi 1,000 yako inakuwa kama 600. Ujuzi wa mpira haulifuti pengo hilo kirahisi.

Kuna jambo jingine. Mkeka wa mechi kumi ukichanwa na timu moja, mchezaji haoni kwamba amepoteza. Anaona kwamba amekaribia. Watafiti wa ubongo wamegundua kwamba kukosa kwa karibu huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi, na humwongezea mtu hamu ya kuendelea ingawa hajapata hata senti. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza mwezi mzima na bado akaamini kwa dhati kwamba yuko karibu kutoboa.

Dalili

Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, kilihamishia tatizo la kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua ugonjwa huu katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kama kuna anayedhani ni suala la tabia mbovu tu, afahamu kwamba baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, kwa mfano pramipeksoli, zimewahi kuwafanya wazee waliokuwa hawajacheza kamari maisha yao yote kuanza kucheza bila kujizuia, na tamaa hiyo ikapungua dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa. Ubongo unahusika.

Mwongozo huo wa 2013 unataja dalili tisa, na mwenye nne au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa mgonjwa. Sitazisoma zote. Mbili nitakaa nazo.

Ya kwanza ni kufukuzia hela iliyopotea. Mchezaji wa kawaida akipoteza anaacha kwa siku hiyo. Mwenye tatizo akipoteza ndipo anapoanza kazi. Anasema narudisha tu yangu kisha naacha. Anaongeza dau, anacheza usiku, anagusa hesabu ya bosi, anachukua mkopo wa simu wa Songesha, inayofuata ni mikopo ya riba kubwa ya kausha damu. Angalieni kwamba sijataja kiasi. Mwenye mshahara wa milioni tatu akipoteza elfu hamsini anaweza kuwa salama kabisa, na dereva wa bodaboda aliyepoteza elfu saba ya hesabu ya leo na kesho akarudi kuifukuzia kwa elfu nyingine saba, huyo tayari yuko hatarini. Kinachopima ni anachofanya baada ya kupoteza.

Ya pili ni kuficha. Simu inalazwa kifudifudi, ujumbe wa miamala unafutwa, laini ya pili inasajiliwa. Anayepoteza kwenye biashara hulalamika kwa kila mtu, lakini anayepoteza kwenye kubeti hunyamaza, na ule uongo wa mgonjwa na msiba unazaliwa humo. Wataalamu wana maswali mawili mafupi yanayotumika kuchuja watu, na kiongozi yeyote hapa anaweza kuyauliza. Je, umewahi kuhisi lazima uongeze kiasi unachochezea? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa swali hata moja linatosha kutaka mazungumzo marefu zaidi. Na tusidhani ni vijana wa kiume pekee. Wanawake nao wanacheza kindege, wengine kwa mtaji wa genge.

Kujidhibiti kabla ya kufungua simu

Kwa yule ambaye bado yuko salama na anataka abaki salama, kujidhibiti hakufanyiki katikati ya mchezo. Ndege ikishapaa, akili imeshachelewa. Kiasi cha mwezi kiamuliwe siku mtu ametulia, kitoke kwenye hela ya starehe, na kiwekwe kwenye laini ya pekee isiyo na huduma ya mkopo. Palipo na kipengele cha kujiwekea kikomo cha kuweka pesa, kitumike. Ujumbe wa ofa uzimwe. Bonasi zisomwe masharti yake, kwa sababu nyingi hazitoki hadi uzizungushe mara kadhaa, na kuzungusha huko ndiko kunakorudisha hela kwa kampuni. Ukishinda, hamisha siku hiyohiyo. Usicheze ukiwa umelewa, umegombana au umekosa usingizi. Usicheze kwa mkopo, kamwe.

Lakini kwa mwenye dalili nilizozieleza, vikomo havitoshi. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu familia nyingi hupoteza mwaka mzima zikikubaliana naye apunguze. Huyu anahitaji kuacha kabisa, kuomba kampuni imfungie akaunti, na kwa muda fulani fedha zake zishikwe na mtu mwingine anayemwamini.

Kikundi kifanye nini

Mwanachama mwenye dalili hizo mwiteni pembeni, watu wawili wasizidi, mmoja awe anayemheshimu. Msimseme mbele ya kikao, kwa sababu aibu humsukuma kwenda kufukuzia hela ili alipe na kunyamazisha watu. Mwambieni mlichokiona kwenye daftari, kwa tarehe na kiasi, bila matusi. Kisha andikeni naye madeni yote kwenye karatasi moja, pamoja na yale ya kausha damu na ya ndugu. Atataja nusu. Subirini, kikao cha pili atataja mengine.

Baada ya hapo, msimkabidhi hela mkononi. Kutegemea wengine wamwokoe na hali mbaya ya fedha ni mojawapo ya zile dalili tisa. Deni likifutwa ghafla, anabaki na uraibu uleule pamoja na uwezo mpya wa kukopa. Ongezeni muda wa marejesho, simamisheni riba kama katiba yenu inaruhusu, na kama kuna ada ya shule ya kulipa, kikundi kiilipe shuleni moja kwa moja. Kama mwanachama huyo ni mshika fedha, aachie nafasi hiyo bila kudhalilishwa. Na mwenza wake ahusishwe, kwa ridhaa ya mwanachama mwenyewe.

Jambo moja halina subira. Watu wenye uraibu wa kamari wako katika hatari kubwa zaidi ya kujiua, hasa deni linapofichuka. Mkimsikia anasema bora nife, au anaanza kugawa vitu vyake, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za mikoa, zipo Muhimbili na Mirembe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu anaweza kuwaelekeza. Matibabu yenye ushahidi mzuri kwa ugonjwa huu ni ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mtu kuzitambua na kuzibadili fikra zinazomsukuma kucheza, na watu hupona.

Naomba kila kikundi kilichowakilishwa hapa, katika kikao chake kijacho, kifanye mambo mawili. Kiongeze kwenye fomu ya mkopo yale maswali mawili niliyoyataja, yaulizwe kwa kila mwombaji bila kuchagua sura. Na kimteue mtu mmoja, asiyekuwa mhazini, ambaye mwanachama yeyote anaweza kumfuata kwa siri kabla deni halijamfikisha mahali pabaya. Jina la mtu huyo litangazwe kila mwezi.