Namba Zilizo Juu ya Bahasha ya Dawa
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache kuhusu kazi yangu ya ufamasia. Nimechagua jambo moja: zile namba, kama 2 x 3, tunazoandika juu ya bahasha ya dawa. Wengi huziona kuwa ni ushauri tu. Mimi nasema hiyo ni ratiba ya kazi ya ini.

Dawa ikimezwa, hufyonzwa katika utumbo, na damu huipeleka kwanza kwenye ini kabla haijaenea mwilini. Kwa mwili, dawa ni mgeni; hupokewa, lakini sharti aondoke. Dawa nyingi figo haziwezi kuzitoa zilivyo. Basi ini, kwa kutumia vimeng'enya vyake, huzibadili na kuziunganisha na vitu vinavyoyeyuka kwa urahisi katika maji, ndipo zitoke kwa mkojo au kwa nyongo.

Tuchukue parasetamoli, maana hakuna bweni lisiloijua. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hadi 3 hivi. Sehemu kubwa huondolewa salama. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, lakini ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huikamata sumu hiyo. Ukimeza vidonge kupita kiasi, akiba huisha, na sumu huanza kuua chembe za ini lenyewe.

Mtu mzima asizidishe gramu 4 katika saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye mwili mdogo au ini gonjwa hupangiwa pungufu. Hatari ni kwamba mtu humeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa, kisha dawa ya mafua, kisha ya mgongo, asijue kuwa zote huenda zina parasetamoli ndani yake. Siku ya kwanza anaweza asihisi kitu. Ini huonyesha madhara siku ya 2 au ya 3. Dawa ya kumwokoa ipo, nayo ni asetilisisteini, lakini hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyezidisha asingoje kuumwa. Apelekwe hospitali mara moja.

Lipo na jambo lililo kinyume cha hilo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, hata dawa nyingine zikaondolewa kabla hazijamaliza kazi. Ndiyo sababu mtu mzima anayemeza dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, miligramu 50 mara 1 kwa siku, huongezewa ikawa mara 2 akiwa kwenye rifampisini. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupungua nguvu, na mama akapata mimba asiyoitazamia. Daktari atapangaje hayo yote ikiwa mgonjwa amemficha bahasha moja?

Tena maini hayafanani. Isoniazidi, nayo ya kifua kikuu, wengine huivunja upesi na wengine polepole, kwa kurithi tu. Wale wa polepole hupatwa kwa urahisi zaidi na ganzi ya mikono na miguu, na vitamini B6 hutolewa kuikinga.

Vijana, ninajua desturi ya bweni: mmoja akipona, vidonge vilivyobaki humpa jirani. Acheni. Kipimo kilichomfaa yeye kilipangwa kwa mwili wake na ugonjwa wake.

Nanyi wazee wenzangu, figo zetu hazina tena kasi ya zamani, na wengi wetu tuna bahasha tatu nne kabatini. Mwendapo kliniki, zichukueni zote, pamoja na chupa ya mitishamba. Msione haya. Tena pombe na dawa ni lila na fila, havitangamani.