Kabla Hujapanda Basi Kwenda Supamaketi

Msikilizaji wa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Lindi mjini, ukienda kununua vitu kwenye supamaketi za Dar es Salaam, hesabu ianzie kwenye nauli. Kutoka Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, ni karibu kilomita 300, kwenda tu. Ukifika, hakuna kupatana bei wala kukopa. Pipi na biskuti zimepangwa jirani na kaunta, mtoto azione wakati mnasubiri kulipa; hilo si bahati mbaya. Na duka kubwa nalo hufa: supamaketi ya Uchumi ilifunga matawi yake Tanzania mwaka 2015, Nakumatt ikafuata baadaye. Sasa feni uliyoinunua huko ikigoma ukishafika Masoko, utaipeleka kwa nani? Dai risiti ya mashine ya EFD, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na chombo cha umeme kijaribiwe palepale dukani.