BOMBA LIKIVUJA, UCHAFU NAO HUINGIA

(Mazungumzo ya kamati ya maendeleo na wenye nyumba na wapangaji wa Junda)

Leo sisi wa kamati twataka tuongee juu ya mabomba ya nyumbani. Wengine mtasema hilo ni jambo la fundi. Sawa, lakini fundi huja mara moja akaenda zake, na ninyi ndio mnaokunywa yale maji kila siku.

Mwajua maji yetu yatoka wapi. Upande huu wa Kisauni twategemea sana Baricho. Maji huvutwa kwa pampu kutoka visima vilivyo kando ya mto Sabaki, yakaletwa mpaka matangi ya Nguu Tatu, kisha ndipo yateremke kwetu. Safari ni ndefu, pampu zataka umeme, na watu tumekuwa wengi. Kwa hivyo maji huja kwa zamu: leo yapo, kesho mfereji wapuliza hewa tu. Ushauri mwingi wa mabomba umeandikiwa watu ambao bomba zao zimejaa maji usiku na mchana. Zetu sisi haziko hivyo, na hapo ndipo penye hatari.

Sikilizeni vizuri. Bomba likijaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje. Likiwa na tundu, maji humwagika, ardhi ikalowa, nawe ukaona ni hasara ya pesa tu. Lakini maji yakikatika, yale yaliyobaki ndani huteremka kwenda mabondeni, na bomba huanza kuvuta, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Lile tundu lililokuwa likitoa maji sasa laingiza. Laingiza nini? Kilichoko pale nje: udongo, maji ya mtaro, maji ya karo, na ya choo pia. Ploti zetu ni ndogo. Shimo la choo, kisima na bomba vyaweza kuwa ndani ya hatua chache, na mwamba wetu huu wa matumbawe una nyufa nyingi za kupitisha maji machafu. Maji yakirudi, ule uchafu wafika kwenye kikombe. Mara nyingine yatoka na rangi ya chai, wajua umwage. Mara nyingine ni meupe kabisa na ugonjwa umo ndani. Kipindupindu kilipozuka tena nchini Oktoba 2022, hakikuulizana na mtu kama maji yake ni ya mfereji au ya kisima.

Kwa hivyo jameni, kufunga bomba kwa kipande cha mpira wa tyubu si kutengeneza. Huo mpira wapunguza maji yanayotoka, lakini hauzuii uchafu kuingia. Kata kile kipande kibovu, utie kipya. Bomba la plastiki la gundi, lipanguse likauke, paka gundi, kisha usifungue maji upesi. Subiri muda ulioandikwa kwenye mkebe. Zile za kijani zinazounganishwa kwa moto, mwite fundi mwenye mashine. Na bomba likipita ndani ya mtaro, lihamishe lipite juu, au ulivishe bomba jingine pana. Hilo ndilo la kwanza kuangaliwa katika kila nyumba iliyowakilishwa hapa leo.

Utajuaje kama kuna tundu ambalo halionekani? Siku maji yapo, funga mifereji yote usiku, angalia mita, andika namba. Asubuhi kabla mtu hajanawa, soma tena. Ikiwa imesonga, maji yaenda mahali. Funga koki ya tangi ujaribu usiku wa pili. Mita ikitulia, kosa liko kwenye tangi, mara nyingi ni boya. Litoe ulitikise. Ukisikia maji ndani, limetoboka, halielei tena wala halifungi. Ikiwa boya ni zima na mita bado yasonga, tembea juu ya njia ya bomba ukitafuta mahali nyasi ni kijani wakati wa kiangazi.

Sasa, nani alipe? Kabla ya mita ni kazi ya kampuni ya maji. Ukiona panavuja huko, ripoti, usiguse. Baada ya mita ni juu yetu. Hapo ndipo ugomvi wa nyumba za milango sita huanza. Mfereji ni mmoja uani, bili yagawanywa sawasawa, na washa ikiisha kila mpangaji amngoja mwenziwe. Mwenye nyumba naye asema hakuivunja yeye. Maoni yetu ni haya: bomba, koki na tangi ni za mwenye nyumba, maana ndiyo nyumba yenyewe aliyoikodisha. Washa ni kitu cha shilingi chache, wapangaji wachange waitie bila kungoja barua. Tone moja kila sekunde, kutwa kucha, laweza kukaribia mtungi mmoja wa lita 20. Msituamini sisi, wekeni beseni chini ya mfereji usiku mpime wenyewe. Kisha kumbukeni bei ya mtungi kwa mkokoteni wakati wa shida.

Kuna tabia nyingine ya hapa kwetu, ya kuacha mfereji wazi wakati maji hayapo ili yakija tusikie. Twaielewa. Mama ambaye ameamka saa nane usiku siku tatu mfululizo hawezi kulaumiwa. Lakini maji yakimkuta amelala yamwagika mpaka alfajiri na bili yahesabu. Akitaka kungoja, aache mfereji mmoja tu, wazi kidogo, na sufuria tupu chini yake ili ilie. Yale maji ya kwanza asiyatie kwenye tangi wala mtungi wa kunywa. Ayaoshee choo, mpaka yatoke safi. Hata baada ya hapo ya kunywa yachemshwe yatokote, au yatiwe dawa kwa kipimo cha kwenye chupa.

Sinki ikiziba, tusikimbilie asidi. Weka ndoo chini, fungua ule mkunjo wa bomba kwa mkono, utakuta wali, mafuta na mchanga wa kusugulia sufuria. Safisha, rudisha. Basi.

Lililobaki ni zito zaidi, nasi twalisema wazi kwa sababu wenye kuhusika ni rafiki zetu. Kuna nyumba zilizofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili zivute maji kabla ya wengine. Pampu hiyo haivuti maji tu. Yavuta na uchafu kupitia kila tundu la kila jirani katika laini ile, hata siku ambayo maji yapo. Vilevile nyumba zenye kisima cha maji ya chumvi zilizounganisha kisima na mfereji kwenye bomba moja, bila valvu ya kuzuia maji yasirudi: pampu ikiwashwa, maji ya kisima yaweza kusukumwa mpaka kwa jirani. Watumishi wa Isaka waligombania visima na wachungaji wa Gerari, wakahama wakachimba kwingine. Sisi hatuna pa kuhamia. Maji ya mfereji yaingie kwanza kwenye tangi la chini kwa boya, na pampu ivute kutoka tangi hilo. Ya kisima yawe na bomba zake, kwa choo na kufulia. Anayehitaji kubadilisha na uwezo ni mdogo, aje tuzungumze faraghani, tutafute fundi wa bei nafuu kabla majirani hawajaanza kushitakiana kwa chifu.

Sasa tuonyeshane kazi ya washa. Koki iliyo karibu na mita tumeshaifunga na mfereji wa uani tumeuacha ukatoa maji yote. Spana ni mbili: moja ya kufungulia, nyingine ya kushika shingo ya mfereji isije ikazungusha bomba lililo ukutani. Washa mpya ndizo hizi. Tusikate champali, haidumu. Mifereji mipya ya kuzungusha robo tu haina washa ya namna hii, hiyo tutaitazama mwisho. Akina mama mlio nyuma, sogeeni mbele, ninyi ndio mtaanza.