Mbia wa Taka Apimwe kwa Mizani Kwanza



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kumchagua mnunuzi wa taka zinazokusanywa na vikundi vyetu hapa Dar es Salaam. Jiji hili limehamisha jaa mara nyingi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kupinga jaa lililokuwa jirani na nyumba zao, wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, halafu Pugu Kinyamwezi. Kero ilisogezwa tu kwa wengine. Na hatari ya jaa lililofurika tumeiona kwa majirani zetu: Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Kamati nyingi huuliza swali moja tu: nani ananunua kilo kwa bei kubwa? Mimi ningeanza na mizani. Waokota makopo, wengi wao akina mama, hulipwa kwa kilo. Mizani ikila kilo mbili katika kila kiroba, ile bei kubwa imeshaliwa. Mbia aje na mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, apime mbele ya mwokotaji, alipe siku ileile. Anayesema atalipa akishauza kiwandani anakopa kwa mama ambaye hana unga wa jioni.

Kisha mfuateni hadi kwenye yadi yake. Chupa ya maji na kizibo chake ni plastiki mbili tofauti; zikisagwa na kutiwa majini, vipande vya chupa huzama na vya kizibo huelea, ndivyo vinavyotenganishwa. Anayeifanya kazi hiyo kweli atawaeleza bila kubabaika, na atawaonyesha mabaki anayatupa wapi. Mkiona moshi nyuma ya ukuta, rudini nyumbani.

Mwulizeni pia anamwuzia nani. China ilipofunga milango kwa taka za plastiki za nje mwaka 2018, soko la dunia liliyumba. Siku bei ikishuka, wapo wanunuzi wanaozima simu. Kwa hiyo mkataba utaje bei ya chini kabisa, na notisi ya mwezi mmoja kabla ya kuacha kununua.

Hata hivyo makopo ni sehemu ndogo. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu ni za kuoza: maganda ya ndizi, mabaki ya mboga. Hizo ni nzito na zina maji, nauli ya kuzipeleka mbali huzidi thamani yake. Mbia wake ni mtengeneza mboji au mfugaji wa mtaa wa pili.

Kwa wafadhili, naomba msianze kwa kutununulia mashine ya kusaga. Mashine isiyo na mzigo wa kutosha hugeuka kiota cha kuku. Tunahitaji zaidi banda la kuchambulia, glavu, na fedha za mzunguko za kumlipa mwokotaji siku ambayo gari la mnunuzi halikufika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu. Basi Bwana Afya wa kata aone mkataba kabla haujasainiwa, na kila kamati iwe imetembelea angalau yadi mbili.