Mzoga wa Nyangumi Usikatwe Kabla ya Kukaguliwa



Kila mwaka, kuanzia Julai hivi, nyangumi wa nundu hutoka bahari baridi za kusini wakaja kuzaa katika maji yetu ya joto. Wavuvi wa Watamu huwaona wakiruka. Mama na ndama hukaa juu juu, maana ndama hawezi kuzuia pumzi kwa muda mrefu, na meli za Kilindini nazo zapita. Meli ya makontena humgonga nyangumi na nahodha asihisi hata mtikisiko.

Huko Marekani, tangu 2008, meli kubwa hulazimika kwenda maili 10 za baharini kwa saa katika baadhi ya maeneo na misimu. Nyangumi hupata nafasi ya kukwepa, na akigongwa, ya kupona.

Mzoga ukitupwa ufuoni, msiukate nyama wala mafuta, hata kama watu wameshakuja na ndoo. Majeraha ndiyo ushahidi. Mikato iliyofuatana sambamba ni ya pangaboi. Mfupa uliovunjika huku ngozi ni nzima ni kishindo cha omo ya meli. Piga picha, kisha wapigieni KWS kabla maji hayajajaa yakauchukua.