Dago la Ufuoni: Kulala Nje Kwenye Mchanga wa Shela

Dago ni kambi ya muda ya wavuvi. Mvuvi anayefuata samaki mbali na kwao hupiga dago kwenye ufuo ulio karibu na maji anayovua, akakaa siku chache au mwezi mzima kwa kadiri msimu unavyomruhusu, kisha akalivunja na kurejea nyumbani. Katika visiwa vya Lamu vifaa vyake ni vichache: tanga la chombo lililotupwa juu ya miti miwili mitatu, au banda la makuti, mkeka, mafiga, sufuria, maji, unga na chumvi. Samaki wanaozidi chakula hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani wawe ng'onda. Mgeni anayefika leo na hema jepesi mgongoni, akitaka kulala ufuoni pasipo choo, bomba wala taa, hafanyi jambo jipya. Anapiga dago, na dago lina kanuni zake. Shela ni mahali pazuri pa kujifunzia kanuni hizo, kwa kuwa sababu ya kila moja iko pale pale machoni.

Kijiji hiki kiko kwenye kisiwa cha Lamu, kilomita 3 hivi kutoka mjini, kikielekeana na kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo. Nyumba zinapokwisha, mchanga huanza. Ufuo huendelea kwa takriban kilomita 12 kuelekea upande wa Kipungani, bila duka wala mti wa kivuli unaostahili kutajwa, na nyuma yake vimesimama vilima vya mchanga. Usafiri ni miguu, punda au mashua.

Vilima hivyo ndivyo vya kuzungumziwa kwanza, maana wengi huviona kama mchanga mtupu. Ni ghala la maji. Mvua inayonyesha juu yake hupenya upesi mno, haipati nafasi ya kutiririka baharini, na chini huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Visima vinavyoulisha mji wa Lamu vinategemea akiba hiyo. Watu wa Shela wana sababu ya kuliheshimu jambo hili kuliko wengine. Masimulizi yao yanasema wazee wao walitoka Takwa, mji wa kisiwani Manda uliohamwa katika karne ya 17, na kwamba walihama maji ya visima vyao yalipoingia chumvi. Takwa sasa ni magofu ya msikiti, ukuta na kaburi la mnara, na watu wa Shela bado huvuka kwenda huko kuomba mvua.

Kwa mpiga dago, maana yake ni moja: kilimani hapalaliwi wala hapachimbwi. Vitabu vingi vya kupiga kambi porini hufundisha kuchimba shimo fupi, kujisaidia na kufukia. Fundisho hilo linafaa penye udongo mzito wenye wadudu wa kuozesha uchafu. Katika mchanga wa Shela halifai hata kidogo, kwa sababu mvua moja kubwa hukisukuma kilichofukiwa chini kuelekea maji ya kunywa. Njia ya haki ni kuweka kambi mahali ambapo mtu anaweza kurudi kijijini kutumia choo, au kwenda na ndoo yenye kifuniko, na kilichomo kikarudishwa chooni. Sabuni nayo isimwagwe kilimani. Mimea inayotambaa kama mlakasa isikanyagwe wala kung'olewa ili kupata nafasi ya hema: mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga, na pale inapokufa upepo hukibomoa kilima. Tayari ujenzi umeusogelea ukingo wa vilima, nalo ni kosa kubwa kuliko la hema lolote, lakini kosa la tajiri halihalalishi la msafiri.

Hema basi likae wapi? Kati ya mguu wa kilima na alama ya maji, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Bahari ya Lamu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayasogei mbali. Siku za bamvua mwambao huu una kawaida inayosaidia: maji hujaa yapata saa kumi alasiri, hupwa kabisa yapata saa nne usiku, na hujaa tena yapata saa kumi alfajiri. Anayefika magharibi huona maji yanakimbia, mchanga ulioachwa ni mpana na mgumu, mzuri wa kutandika. Saa nne usiku bahari iko mbali hata haisikiki vizuri. Kabla ya adhana ya alfajiri imo ndani ya hema.

Kwa hiyo mvuvi haangalii maji yalipo, huangalia yalipofika. Mstari wa mwani mkavu, vijiti na vifuu uliolala juu kabisa ya ufuo ndio alama ya bamvua iliyopita, na hema hukaa juu ya mstari huo kwa hatua kadhaa. Asiyeuona mstari amuulize mtu wa kijijini ni tarehe ngapi ya mwezi, atajibiwa papo hapo. Chombo kilichofungwa kina hesabu hiyo hiyo, kwa upande wa pili. Katika Vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo 1812, jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa lilishuka hapa kuivamia Lamu. Masimulizi ya Waamu yanasema liliposhindwa na kukimbilia pwani lilikuta vyombo vimekaa kwenye mchanga mkavu, maji yamekupwa, na wengi wakauawa hapo. Upepo umewahi kufukua mifupa ya watu vilimani. Atakayeiona asiiguse, awaarifu wazee wa kijiji au Makumbusho ya Lamu.

Msimu wa kulala nje ni kaskazi, hasa kati ya Desemba na Machi, bahari inapotulia na mvua ni haba. Kusi huanza Aprili, mvua kubwa zikifuata hadi Juni, nalo huvuma kutoka baharini na kuusukuma mchanga bara. Ndilo lililovijenga vilima vile. Hema jepesi halilistahimili, na vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Mifuko ya nguo iliyojazwa mchanga na kufukiwa hushika vizuri zaidi. Kuogelea karibu na mdomo wa mkondo kuepukwe wakati maji yanapotoka kwa nguvu.

Moto uwe mdogo na uwe chini ya alama ya maji, ili bahari ichukue majivu. Kuni ni zile zilizotupwa na maji, pamoja na makumbi na vifuu. Mikoko haikatwi bila kibali. Makaa yazimwe kwa maji ya bahari. Yakifukiwa mchangani hubaki na moto kwa saa nyingi, na wapitao ufuo huu asubuhi wengi hawana viatu. Taa nazo zina madhara yasiyoonekana. Kasa hupanda fuo hizi usiku kutaga mayai yapatayo mia katika shimo moja, na baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka vikielekea palipo na mwanga, ambapo kwa asili ni baharini. Taa ya hema huvigeuza. Alama za kasa zikionekana mchangani, kambi ihamishwe.

Taka zote hurudi na mwenyewe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 imezuia plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi zake, fukwe zikiwemo. Hata hivyo bahari bado inazileta. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, linatosha kuonyesha wingi wake.

Limebaki la hodi. Ufuo wa Shela ni njia ya wavuvi na wakulima, na Shela ni kijiji cha Waislamu ambacho msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829. Mvuvi mgeni hapigi dago kabla ya kujitambulisha kwa wenyeji, na kanuni za mwaka 2007 zimeipa desturi hiyo chombo rasmi, yaani BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo. Mpiga hema afanye vivyo hivyo: amsalimu mzee wa kijiji, aseme wako wangapi na watalala wapi, na apite mitaani akiwa amevaa nguo za heshima. Faida ni yake pia. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na kwa miaka iliyofuata wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku. Taa isiyojulikana ufuoni bado huwatia watu wasiwasi, na asiyejulikana hana wa kumtafuta. Asilale mtu peke yake.

Kamati za ufuo na waongoza wageni wanaombwa jambo moja: pale nyumba za Shela zinapokwisha, kiwekwe kibao cha Kiswahili kinachoonyesha mpaka wa visima, alama ya bamvua na mahali pa kupiga hodi.